Magari ya zamani tunayopanda Rusizi: moto huanzia wapi?

Kama unaishi Giheke, au umewahi kusimama hapa ukingoja usafiri wa kwenda Kamembe, unajua jinsi safari inavyoanza. Gari linasimama, mnabanana, dereva anakuomba usogee kidogo yule mama mwenye mtoto apate pa kukaa, mlango unafungwa kwa nguvu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haukushika, na mnaondoka. Hakuna anayeuliza gari lina miaka mingapi. Hakuna anayeuliza ile harufu ya petroli inatoka wapi. Una haraka, na zaidi ya hapo wewe ni mgeni, na mgeni hapendi kuonekana msumbufu.

Makala hii inahusu harufu hiyo. Petroli, esanse kama tunavyosema sisi wa Kivu, au lisansi kama wanavyosema wenyeji wetu, haitakiwi kunukia ndani ya gari hata kidogo. Ukiisikia puani, ujue mafuta yametoka mahali pake na yanatafuta joto.

Yanatoka wapi magari haya

Oktoba 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti iliyohesabu magari madogo yaliyotumika ambayo Ulaya, Japani na Marekani ziliyauza nje kati ya mwaka 2015 na 2018. Yalikuwa milioni 14. Asilimia 80 hivi yalikwenda katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, na zaidi ya nusu ya hayo yaliishia Afrika. Ripoti ilisema wazi kwamba mengi yalikuwa mabovu: mengine yasingepita ukaguzi kule kule yalikotoka.

Sababu si ngumu kuielewa. Japani gari hukaguliwa na serikali kila baada ya miaka miwili, na kadiri linavyozeeka ndivyo gharama za kulifanya lipite zinavyopanda. Ikifika siku matengenezo yanazidi bei ya gari, mwenye gari analitoa. Meli inalileta Mombasa au Dar es Salaam, na kutoka hapo linaanza maisha mapya.

Kila nchi ya ukanda wetu imejiwekea mlango wake. Kenya haipokei gari lenye zaidi ya miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15, kilichoanza kutumika mwaka 2018. Tanzania haikukataa magari ya zamani, ila inayatoza ushuru zaidi kwa ajili ya umri wake. Rwanda nayo imetumia kodi kuliko marufuku ya umri, lakini ilikataza kitu kingine: kuingiza magari madogo yenye usukani wa kulia, kwa kuwa huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara.

Vuka daraja uende Bukavu, au shuka Bugarama uingie Kamanyola, na utaona kinyume chake. Kivu na Burundi zimejaa magari ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani moja kwa moja, ilhali nako huendeshwa kulia. Watu wameyazoea hata hawaoni tena ubaya wake. Hebu fikiri kuhusu Noah ya zamani. Mlango wake wa kuteleza uko kushoto, kwa kuwa Japani upande wa kushoto ndio ukingo wa barabara. Huko kwetu kushoto ni katikati ya barabara. Mtoto akishuka Noah pale Uvira, anashukia mbele ya lori. Na dereva anayetaka kulipita gari la mbele haoni kitu. Humwomba abiria aliyekaa kushoto achungulie. Kasoro hii haikutoka kiwandani. Gari lilitengenezwa vizuri kabisa, ila kwa ajili ya nchi nyingine.

Moto unaanza namna gani

Wengi wetu tunadhani gari huwaka moto likigonga. Likigonga linaweza kuwaka, ni kweli, lakini magari mengi ya zamani huwaka yakiwa yanatembea vizuri, au yakiwa yamesimama tu, dakika chache baada ya dereva kuzima injini.

Chini ya boneti kuna vitu vitatu ambavyo mtengenezaji alivitenga kwa makusudi: mafuta, joto na umeme. Gari likiwa jipya, kila kimoja kiko ndani ya mfuko wake. Miaka inavyopita, mifuko inachakaa. Mpira unaopeleka petroli kwenye injini hukauka na kupata nyufa ndogo, hasa pale unapobanwa na kibanio cha chuma. Gasketi ya juu ya injini hulegea, na oili huanza kudondoka tone moja moja. Tone hilo likiangukia bomba la ekzosi, ambalo injini ikifanya kazi ngumu linaweza kupita nyuzi joto 500, halihitaji cheche wala kiberiti. Kwanza hutoa moshi wa buluu wenye harufu kali. Siku nyingine huwaka.

Sasa weka jambo hilo katika barabara zetu. Bugarama iko bondeni, kwenye joto. Kamembe iko juu yake kwa zaidi ya mita 500. Gari la abiria watano lililobeba nane na magunia nyuma linapanda mlima huo kwa gia ya pili, feni ya rejeta imekufa tangu mwaka jana, na dereva amezoea kusimama njiani kumwagia maji. Upande mwingine, anayetoka Huye kuja huku hupitia Nyamagabe, penye kambi ya Kigeme, kisha huingia msitu wa Nyungwe ambako barabara inapanda kupita mita 2,400. Kushuka kwake ni hatari kama kupanda. Dereva anayekanyaga breki muda wote badala ya kuacha injini imzuie huzipasha moto hadi zinanuka kama mpira unaoungua. Mafuta ya breki nayo yanashika moto.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo mimi naona tatizo letu kubwa kuliko yote, kwa sababu hatukulirithi kutoka Japani. Tunalitengeneza wenyewe. Fyuzi ni kipande kidogo kilichowekwa ili kiungue kabla waya haujaungua. Ikiungua, inakwambia kuna hitilafu. Fundi wa kando ya barabara, akiwa hana fyuzi ya kubadilisha au akiwa amechoka kuibadilisha kila wiki, anaunganisha kwa kipande cha waya wa shaba. Taa zinawaka, redio inaimba, mteja anafurahi. Kuanzia siku hiyo hakuna tena wa kuungua kabla ya waya. Ongeza redio kubwa, taa za rangi, king'ora na chaja za simu, vyote vimechomekwa kwenye waya uleule uliowekwa kwa kazi ndogo.

Usidhani haya ni mambo ya maskini peke yao. Mwaka 2015 Uingereza ilishtuka kwa moto wa magari ya Vauxhall Zafira ya toleo lililoitwa B. Moto ulianzia upande wa feni ya kupasha joto na kupoza ndani ya gari. Kampuni ikayaita magari zaidi ya 200,000 yarudi kukaguliwa. Walichokiona wachunguzi wake kitamfanya fundi wetu yeyote atabasamu kwa uchungu: katika magari kadhaa, kile kifaa kidogo cha kukata umeme joto likizidi kilikuwa kimewahi kutengenezwa vibaya, hivyo hakikukata. Ni waya wetu wa shaba ule ule, isipokuwa wenzetu walikuwa na wa kumlalamikia. Familia zilizopoteza magari zilipiga kelele, na bunge likaiita kampuni kujieleza.

Wito usiofika Rusizi

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya gari la zamani la London na gari la zamani la Kamanyola. Kampuni ikigundua kasoro, huwaandikia wenye magari: leteni, tutatengeneza bure. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliita magari karibu milioni 3.4 nchini Marekani kwa sababu kifaa cha breki kingeweza kuvuja na kuleta moto hata gari likiwa limezimwa. Wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba, hadi yatakapotengenezwa. Lakini barua hiyo huenda kwa mtu aliyeandikishwa kule. Gari likishauzwa, likapita mnadani, bandarini, kwa dalali wa kwanza, kwa dalali wa pili, hadi kwa mwenye gari wa leo, barua inabaki kwenye anwani ya zamani.

Mfano mbaya zaidi ni wa mifuko ya hewa ya Takata. Mfuko wa hewa ni ule unaofura mbele ya dereva gari likigonga. Takata, kampuni ya Japani, ilitumia ndani yake kemikali ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu. Ikiharibika, badala ya kuufurisha mfuko, hulipua kikopo cha chuma na vipande vyake humpiga dereva shingoni na usoni. Magari ya makampuni mengi yalihusika, Toyota, Honda, Nissan, Mazda na BMW miongoni mwao, na mifuko iliyoitwa irudishwe duniani ilikaribia milioni 100. Takata ilifilisika Juni 2017. Japani ilifika mahali pa kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye hatari kubwa ambayo hayajabadilishiwa mfuko. Ufaransa nayo, Juni 2025, baada ya mwanamke mmoja kuuawa na mfuko huo huko Reims, iliamuru magari yote ya Citroën C3 na DS3 ya toleo lililohusika yasimame mara moja.

Angalia tena maneno yale: joto, unyevu, miaka mingi. Ni maelezo ya bonde la Rusizi. Vifo vingi vya mifuko hii vilitokea katika sehemu zenye joto na unyevu, na gari lililoletwa huku likiwa na miaka 12 litaendelea kutembea mingine 15.

Je, unaweza kufanya lolote? Kama wewe ndiye mwenye gari, ndiyo. Kila gari lina namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye chuma na kuandikwa kwenye karatasi zake. Makampuni makubwa yana kurasa kwenye intaneti ambapo unaandika namba hiyo na kuonyeshwa kama gari lina wito usiotimizwa. Kwa gari lililotoka Japani, tafuta ukurasa wa Japani wa kampuni hiyo, maana kurasa za Ulaya na Marekani huenda zisilitambue. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kukusaidia, na haina malipo. Kupata kifaa cha kubadilisha ni kazi nyingine, sitakudanganya. Lakini ni afadhali kujua kabla hujalipa.

Ukaguzi upo, lakini uko ng'ambo ya msitu

Tuwape haki wenyeji wetu. Rwanda ina ukaguzi wa kweli wa magari, unaofanywa na Polisi kwa mashine, si kwa macho tu. Magari ya abiria hutakiwa kukaguliwa kila miezi 6, ya binafsi mara moja kwa mwaka. Kituo kikubwa kiko Kigali, na vingine viko Huye, Musanze na Rwamagana, pamoja na mashine ya kuhamishika inayozunguka wilayani. Magari ya abiria pia yamefungiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa. Ukilinganisha na barabara tulizozikimbia, ambako ukaguzi mara nyingi ulikuwa noti iliyokunjwa, hili ni jambo kubwa.

Hata hivyo, ukiwa Rusizi, Huye iko ng'ambo ya Nyungwe. Mwenye gari la usafiri anapoteza siku nzima ya kazi pamoja na mafuta ya kwenda na kurudi. Gari linaandaliwa kwa ajili ya siku hiyo: tairi za kuazima, taa zimefungwa, injini imeoshwa isionekane inavuja. Wiki mbili baadaye tairi zimerudi kwa mwenyewe. Kuosha injini ni jambo la kuangalia sana. Injini yenye vumbi kavu inakwambia ukweli. Injini ya miaka 20 inayong'aa ina kitu ilichofichiwa.

Na yapo magari ambayo ukaguzi hauwahusu kabisa: yale yanayokuchukua ukishavuka mpaka, pamoja na yale yanayobeba watu bila kibali njia za ndani usiku. Ndiyo ya bei nafuu. Ndiyo tunayoyapanda.

Tuseme kikundi chenu kinataka kununua gari

Najua wengi wenu mko katika vikundi vya akiba, likelemba au ikimina, na wazo la kununua gari la kubebea mizigo au abiria huja kila mara pesa zinapokusanyika. Sisemi msinunue. Gari la zamani si adui. Lenye miaka 18 lililotunzwa ni salama kuliko lenye 9 lililopigwa waya wa shaba. Ninachosema ni kwamba bei anayowatajia dalali si bei ya gari. Mipira yote ya mafuta, mishipi, feni, rejeta, betri na kibanio chake, breki na tairi nne: hesabuni hivyo kwanza, mviongeze juu ya bei, halafu muulizane tena kama mnaliweza. Kikundi kinachotoa shilingi ya mwisho mfukoni kununua gari kimenunua lawama, kwa sababu siku mpira wa petroli utakapopasuka hakutakuwa na hela ya mpira, na mtu atasema lifungwe kwa kitambaa liendelee hadi mwisho wa wiki.

Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Mwambieni afungue kisanduku cha fyuzi mbele yenu. Akikuta shaba, ondokeni au punguzeni bei mara mbili. Mpige injini kwa dakika 20, si 2, kisha mzime, mfungue boneti na mnuse.

Tairi nazo zisidharauliwe. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, Tanzania, basi na Coaster viligongana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 35 wakafa, wengi wakiungua wasiweze kutambulika. Taarifa ya serikali ilisema chanzo ni tairi la basi lililopata pancha. Tairi lina tarehe yake ubavuni: tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Hata kama kashata zake bado ndefu, mpira wa miaka kumi umekauka ndani.

Na vidumu. Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta kwa miaka kadhaa sasa, na upande wa Kongo biashara ya vidumu, ya wale tunaowaita Kadhafi, haijawahi kukoma. Hivyo si ajabu kukaa kwenye kiti huku miguu yako ikigusa kidumu cha lita 20 kilichofunikwa kwa gunia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unajaa sakafuni, unangoja. Abiria mmoja akiwasha sigara, au waya chini ya kiti ukitoa cheche, hakuna anayefika mlangoni. Kwa hili nasema bila kupepesa macho: shuka. Poteza nauli.

Gari likiwaka ukiwa ndani

Dereva asimame na kuzima injini, kwa kuwa pampu ya mafuta hufa nayo. Watu watoke, watoto kwanza, mizigo ibaki. Nendeni mbali, hatua 50 au zaidi, upande upepo unakotoka. Usimruhusu mtu kufungua boneti wazi kwa shauku ya kuona. Hewa ikiingia ghafla, moto unaruka usoni. Mwenye kizimamoto cha poda ainue boneti kidogo tu, apulizie ndani kwa ufa huo. Kizimamoto cha kilo moja kinaisha kwa sekunde chache, na kama kimekaa miaka chini ya kiti poda imeshikana chini. Kinatakiwa kutikiswa mara kwa mara na mshale wake uwe kwenye kijani. Maji juu ya petroli hueneza moto. Mchanga ni afadhali.

Kisha kaeni huko mbali. Kati yenu wapo waliotoka Sange, na hawahitaji kuelezwa na mimi. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, kati ya Uvira na Bukavu. Watu wakaja na ndoo na sufuria kuchota. Wengine walikuwa karibu, kwenye vibanda, wakitazama Kombe la Dunia. Lilipolipuka liliua zaidi ya watu 230. Miaka tisa baadaye, Agosti 2019, Morogoro walizika zaidi ya watu 100 kwa namna ile ile. Hawakuwa wajinga. Petroli iliyomwagika ni mshahara wa mwezi umelala chini.

Kwa hapa Rwanda, namba za dharura ni 111 kwa zimamoto, 112 kwa polisi, 113 kwa ajali za barabarani na 912 kwa gari la wagonjwa. Ukipiga, taja kwanza wilaya, kisha sekta, kisha kitu kinachoonekana karibu, kama soko, shule au kituo cha afya, na useme kama kuna watu waliobaki ndani. Kama Kinyarwanda chako bado kinasuasua, mpe simu mwenyeji aliye karibu aongee badala yako.